Nilitafuta Waya wa Kurudi

Mshale wa amita ya chaja, kile kipimo cha mkondo wa umeme, uliruka hadi ampia 30, ukakaa kama dakika mbili, halafu ukaanguka hadi 2. Hakuna aliyegusa kitu. Baada ya muda ukaruka tena hadi 30, na sanduku zima likaguna kama ng'ombe anayesukumwa kuingia kwenye kivuko.

"Binti yangu," Mzee akasema bila kuinuka kwenye kigoda, "umeitengeneza au umeifundisha kucheza?"

Ilikuwa saa moja jioni, Igombe, kando ya Ziwa Viktoria, Mwanza. Vijana wa dagaa walikuwa wamepanga betri za taa zao ukutani, kila moja na namba ya rangi nyeupe, wanasubiri kwenda mwaloni. Giza la mwezi lilikuwa limeanza na siku kama hizo hakuna anayetaka kulala nchi kavu. Na ni mimi niliyesema asubuhi, kwa sauti ya watu wote kusikia, kwamba kazi imekwisha.

Hilo lilitokea wiki sita zilizopita. Limekataa kunitoka.

Kosa la kuweka kizuri

Chaja ya Mzee ni sanduku la kijivu linalobebwa na watu watatu, na wa nne wa kulalamika. Alilinunua kwenye vyuma chakavu, zamani, alipokuwa fundi umeme kwenye kiwanda kimoja cha nguo hapa mjini. Ukilifungua utatafuta transista kubwa usiione. Kuna transfoma, kuna pete mbili nene za chuma zilizosukwa waya, na kulikuwa na sahani za seleniamu, zile rektifaya za kizamani, milango inayoruhusu umeme upite upande mmoja tu, zilizopangwa kama mapezi ya samaki.

Mtambo wa aina hiyo ni amplifaya ya sumaku. Umeme kidogo unapita kwenye koili moja, yaani waya uliosukwa kwenye chuma, na kuamua umeme mwingi upite kiasi gani kwenye koili nyingine, na kinachobeba amri kutoka koili hii hadi ile ni chuma. Hakuna kinachozunguka, hakuna kinachowaka. Ndiyo maana lile sanduku limeishi muda mrefu kuliko mimi.

Sahani ndizo zilizokufa. Kama umewahi kunusa seleniamu iliyoungua sina haja ya kukueleza. Kama hujawahi, ni kabichi iliyooza ikachomwa moto, na ni sumu, kwa hiyo toka nje. Nikazing'oa, nikaweka dayodi za silikoni, zinazofanya kazi hiyohiyo, zenye uwezo mara tatu ya uliohitajika, na bati la kupozea. Silikoni haipotezi volti nyingi, haichemki ovyo, haivujishi umeme kinyumenyume. Seleniamu inafanya yote hayo matatu.

Kwa kila kipimo nilichokijua, nilikuwa nimetoa kibaya nikaweka kizuri.

Na mashine ikaugua.

Mtungi

Usiku ule tulichaji kwa mkono, Mzee na mimi, tukiwasha na kuzima swichi kila mshale ulipopanda. Niliporudi mjini nikachukua daftari. Nilichora na kufuta sana kabla picha moja haijanikaa kichwani, na mpaka leo sijapata nyingine inayoishinda.

Kila pete ya chuma ni mtungi.

Nusu ya kwanza ya mzunguko wa umeme, volti inamiminika mtungini. Wakati mtungi unajaa, karibu hakuna kinachokwenda kwenye betri, koili inauzuia mkondo. Chuma kikishiba sumaku, mtungi umejaa, na kuanzia hapo kila kinachomiminwa kinafurika kwenda kwenye betri. Nusu ya pili dayodi inafunga mlango, na hapo ndipo koili ya udhibiti inapata zamu yake: inachota. Ikichota sana, mtungi utachelewa kujaa zamu ijayo na betri itapata kidogo. Ikichota kidogo, mtungi utafurika mapema na betri itapata tele.

Umeme wetu unafanya hivyo mara 50 kwa sekunde, milisekunde 20 kila mzunguko. Pete ni mbili ili moja ifurike wakati mwenzake anachotwa.

Anayeiambia koili ya udhibiti ichote kiasi gani ni betri yenyewe. Volti yake inalinganishwa na volti isiyobadilika ya dayodi ya zena. Ikipanda kupita kiwango, udhibiti unachota zaidi, mkondo unapungua. Huo ni mrejesho, na ni wa kupinga: matokeo yanarudi kukipunguza kilichoyaleta. Huo niliuona siku ya kwanza, kwa sababu una waya. Unatoka kwenye nguzo ya betri, unarudi ndani ya sanduku, unaweza kuushika kwa mkono.

Tatizo langu lilikuwa kwamba niliamini kila mrejesho lazima uwe na waya kama ule.

Koili ya tatu

Safari ya pili Igombe nilikwenda na tochi ya kichwani. Nikafuata kila waya kwa kidole. Chini ya tabaka la vanishi nikakuta koili ambayo sikuihesabu mwanzoni: mizunguko michache tu ya waya mnene, na mkondo wote wa kwenda kwenye betri unapita humo kabla ya kutoka nje.

Nikashangilia peke yangu. Huu hapa mrejesho wa pili, nao ni wa kusukuma: mkondo ukiwa mwingi kwenye betri, koili hii inaipunguzia nguvu ile inayochota, kwa hiyo mtungi unafurika mapema zaidi, kwa hiyo mkondo unazidi kuwa mwingi. Ukipungua, unazidi kupungua. Ndiyo maana mshale ulikuwa na makao mawili tu, 30 na 2. Katikati hapakaliki.

Nikaikata ile koili kwenye njia, nikaunganisha waya moja kwa moja. Nikawasha.

Mshale haukuruka.

Ukayumba. Ukapanda taratibu hadi 18, ukashuka hadi 9, ukapanda tena, sekunde chache kila upande, kama mtu anayetafuta usawa kwenye mtumbwi mwembamba. Nikapima mkondo wa udhibiti: mabadiliko ya miliampia tatu yalitosha kuusogeza mshale kutoka 9 hadi 18. Ampia tisa kwa miliampia tatu. Mara 3,000.

Nimeukata mrejesho wa kusukuma. Nguvu yote hii inatoka wapi?

Hapo ndipo nilipokaa wiki nne. Mfano unaomjia kila mtu ni maiki ya kanisani: spika inairudishia sauti yake, inapiga mluzi, mchungaji anakunja uso. Mimi pia ulinijia, na ulinipoteza. Kwenye maiki kuna njia ya kurudi, ukiisogeza spika umeikata. Nikawa naitafuta njia hiyo ndani ya sanduku. Nilishuku waya uliokaa karibu na mwingine. Nilishuku ganda la chuma la sanduku lenyewe. Usiku mmoja, naona aibu kusema, nilishuku ziwa, unyevunyevu wake.

"Zilikuwa zinavuja?"

Mzee hakuwahi kusoma nadharia ya mitambo hii. Aliitunza tu. Nilipompigia kumwambia nimeshindwa, aliniuliza swali ambalo lilinikera.

"Zile sahani ulizotupa, zilikuwa zinavuja?"

"Zilikuwa zinavuja sana, mzee. Ndiyo ubovu wake."

"Na hizi zako?"

"Hizi hazivuji hata tone."

Akanyamaza kidogo. Nyuma yake nilisikia mtu anapiga injini ya boti kamba, haiwaki. "Basi kuna maji yaliyokuwa yakitoka, sasa hayatoki," akasema. Halafu akaniuliza habari za mama.

Nilikaa na simu mkononi muda mrefu.

Fikiria mtungi usio na dayodi mlangoni. Nusu ya pili ya mzunguko, umeme wa mzigo ungegeuka na kuumwaga mtungi wote, kisha kuujaza upande wa pili. Kila kilichofanywa zamu hii kingefutwa zamu ijayo, na koili ya udhibiti ingelazimika kupambana na mzigo mzunguko kwa mzunguko, nguvu kwa nguvu. Weka dayodi sasa. Mzigo unaruhusiwa kujaza tu, hauruhusiwi kumwaga. Mtungi uliojazwa unabaki umejaa, isipokuwa kile kitakachochotwa. Kwa maneno mengine, mkondo wa zamu hii unaacha chuma katika hali inayousaidia mkondo wa zamu ijayo.

Huo ndio mrejesho. Ni wa kusukuma, ni mkubwa kuliko ile koili ya tatu mara nyingi, na hauna waya wa kurudi. Umekaa ndani ya dayodi. Wiki nne nilikuwa natafuta kitu nilichokifunga mwenyewe kwa spana namba 13.

Na seleniamu? Ilikuwa inaachia kidogo kinyumenyume. Ilikuwa inachota kisirisiri kila zamu, bila kuamriwa na yeyote. Uvujaji ule ulikuwa unaula mrejesho, na yule aliyebuni chaja alijua. Ndiyo maana akaongeza mizunguko michache ya waya mnene: kufidia kilichovuja. Nilipoziba uvujaji, fidia ikabaki bila deni la kulipa.

Hesabu kidogo, msinikimbie

Kwenye mitambo hii ukuzaji wa mkondo ni ule wa asili ukigawanywa kwa 1 toa sehemu inayorejeshwa. Ukirejesha 0.90, unagawanya kwa 0.10, umepata mara 10 ya ule wa asili. Ukirejesha 0.95, mara 20. Ukirejesha 0.98, mara 50. Ukifika 1 hesabu inakataa. Ukivuka 1 mashine inakuwa swichi: juu au chini, hakuna katikati. Wapo waliotengeneza relei za makusudi kwa njia hiyo, zisizo na kitu kinachogongana wala kuchakaa.

Sasa weka namba za mfano kwenye sanduku la Mzee. Seleniamu iliacha 0.86, koili ya tatu ikaongeza 0.06, jumla 0.92, ukuzaji mara 12 na nusu. Mashine ya adabu. Nikaweka silikoni: 0.98 na ile 0.06 ni 1.04. Mshale unaruka. Nikakata koili: 0.98, mara 50. Mshale unayumba.

Kuyumba nako kuna sababu yake, na ndiyo iliyonichukua muda kuikubali. Ukuzaji ukipanda kwa mrejesho wa kusukuma, muda wa kuitikia unapanda nao, karibu kwa uwiano uleule. Chukulia mtambo usio na mrejesho unahitaji mizunguko 3 ya umeme kutulia. Ukiukuza mara 10 unahitaji 30, sekunde 0.6. Ukiukuza mara 50 unahitaji 150, sekunde tatu nzima. Betri inalalamika sasa, mashine inaitikia baadaye, na inaitikia kwa nguvu nyingi. Jibu linapofika, lalamiko limeshabadilika. Ule mrejesho wa nje, wa kupinga, wenye waya, ambao kazi yake ni kutuliza, unageuka kuwa bembea.

Ukuzaji ule nilikuwa nimeupata bure, nilidhani. Nilikuwa nimeukopa kwenye muda.

Ncha mbili

Suluhisho lilichukua dakika kumi, na sikulifurahia.

Nilirudisha ile koili ya tatu, lakini nikageuza ncha zake. Ya kuingilia ikawa ya kutokea. Mkondo ukiwa mwingi sasa koili inasaidia kuchota badala ya kuzuia. 0.98 toa 0.06 ni 0.92. Palepale seleniamu ilipokuwa. Nikarekebisha nobu ya kiwango kidogo, kwa sababu mtungi usiovuja una mahali pengine pa kuanzia, nikawasha.

Mshale ukapanda hadi 24, ukasita, ukaanza kushuka polepole betri zilipokuwa zinajaa. Haukugeuka nyuma hata mara moja.

Kilichonikwaza ni hiki. Betri moja ikiunganishwa, volti inasimama 14.4. Zikiunganishwa sita, inasimama 14.1. Kwa ule ukuzaji wa mara 50, kama ningeweza kuutuliza, pengo lingekuwa dogo zaidi. Nilijiona fundi anayerudisha kitu kilipokuwa na kuita hilo matengenezo. Nimeweka vipuri bora, halafu nikatumia dakika kumi kuvizuia visiwe bora.

Nikamwambia Mzee kuhusu zile pointi tatu. Akachukua daftari lake la mistari, akanionyesha ukurasa wa miaka mingi nyuma, kwa mwandiko wake: betri sita, 14.1.

Nilitaka kubishana. Sikuwa na hoja.

Kuna faida moja ambayo seleniamu haikuwa nayo, na hii najivunia. Uvujaji hubadilika kwa joto na kwa umri. Mchana wa jua kali chaja ilikuwa na tabia moja, alfajiri nyingine. Mizunguko ya waya haibadiliki. Nilichokipunguza nimekipunguza kwa kitu kinachohesabika. Umeme ukishuka jioni watu wote wanapowasha pasi, mshale unatikisika kidogo tu, unarudi.

Waliopita hapa

Si uvumbuzi wangu, bila shaka. Ernst Alexanderson, Msweden aliyefanya kazi General Electric kule Marekani, alitumia chuma kinachoshiba kudhibiti mitambo yake mikubwa ya redio miaka ya 1910. Wajerumani, ambao kwetu wameacha jina kwenye jiwe la ziwani, lile la Bismarck, waliipeleka mbali amplifaya hii ya sumaku wakati wa vita vya pili vya dunia, hadi ndani ya roketi ya V-2. Miaka ya 1950 ilikuwa kila mahali, kwenye majenereta na taa za majukwaa ya maigizo. Kisha transista na thairista zikaja na watu wakaisahau.

Nami nilidhani imesahaulika. Hadi juzi.

Waya wa kahawia

Kibandani kwangu, mtaa wa Rwagasore, nina rundo la pawasaplai za kompyuta zilizokufa. Nilikuwa nang'oa vipuri kwenye moja ya miaka ya nyuma nikaona pete ndogo ya chuma, kubwa kidogo kuliko pete ya kidole, imekaa kabla ya dayodi za laini ya volti 3.3. Nimeziona mamia. Nilizihesabu kuwa ni za kuchuja kelele.

Nikafuata njia za shaba chini ya bodi. Pete inapokea mapigo kutoka koili ya volti 5. Mwanzo wa kila pigo inazuia. Ikishiba, inaachia lililobaki lipite. Kati ya pigo na pigo, transista ndogo inaichota. Ni mtungi. Ni mtungi uleule wa Igombe, ila huu unajazwa na kuchotwa makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde.

Nikacheka mpaka kijana wangu wa kibandani akauliza kuna nini.

Siku mbili baadaye mteja alileta kompyuta inayojizima. Mwanafunzi wa chuo, ana haraka. "Dada fundi, wameniambia pawasaplai imekufa, ninunue nyingine." Zamani ningemuuzia nyingine.

Nikapima 3.3 kwenye bodi ya pawasaplai: 3.3 kamili. Nikapima kule mwisho, kwenye plagi inayoingia kompyuta: 3.1. Ile tofauti ilikuwa inaliwa na nyaya, na pawasaplai haikuwa na habari. Kwenye plagi ile, pamoja na waya mnene wa rangi ya chungwa, huwa kuna waya mwembamba wa kahawia kwenye tundu hilohilo. Huo haupeleki kitu. Unarudisha habari ya volti iliyofika. Kwenye kompyuta hii mtu alikuwa ameukata pembeni, safi kabisa, pengine alidhani umezidi.

Mrejesho huu sasa ulikuwa na waya wa kurudi.

Nikauvua kidogo, nikaulehemu, nikaweka mpira. Nikapima tena mwisho wa plagi. 3.3.

"Elfu tano," nikamwambia.

Akautazama ule waya. "Kwa huo tu, dada?"

"Kwa huo tu."

Akalipa elfu nne.